Jinsi ya kulifaidi tamasha la injili la Kusini mwa Marekani kwenye video

Aliyewahi kuimba kwaya, hata kwa miezi michache, tayari ana nusu ya anachohitaji ili alifaidi tamasha la kwarteti za injili za Kusini mwa Marekani. Nusu iliyobaki ni kujua masikio uyaelekeze wapi, na kuwafahamu wanaoimba. Bila hayo utaona wanaume wanne wenye suti na mpiga piano, wimbo wa tatu utauona sawa na wa kwanza, na kabla hujafika mbali utahamia video nyingine. Muziki huu ninaupenda sana, na ninaamini sikio lililolelewa na kwaya za Afrika Mashariki liko tayari kuupokea kuliko watu wanavyodhani. Mara ya kwanza fuata hatua hizi kwa mpangilio. Baadaye utajipangia mwenyewe.

Ujue kwanza ni muziki gani

Kwetu neno gospeli hubeba kila kitu, kuanzia kwaya ya usharika hadi mwimbaji binafsi na wachezaji wake. Marekani kuna mapokeo mawili makubwa. Watu weusi wana gospeli yao, ile ya Mahalia Jackson na kwaya za Chicago. Wazungu wa majimbo ya Kusini, yaani Tennessee, Georgia, Alabama, Mississippi, Texas na jirani zao, walikuza ya kwao, na hiyo ndiyo tunayoitazama hapa. Kilichotenganisha makanisa na kumbi zao ni ubaguzi wa rangi. Masikio hayakutengana kiasi hicho: kwarteti za watu weusi kama Golden Gate Quartet ya Norfolk, Virginia, zilisikilizwa na Wazungu pia, na ukiyafuatilia mapigo utatambua ni nani alijifunza kwa nani. Ni vizuri kulijua hili mapema ili usikae ukingoja sauti ya Mahalia mahali isipokuwapo.

Chimbuko la kwarteti hizi ni biashara ya vitabu vya nyimbo. Mwaka 1910 James D. Vaughan, mchapishaji wa Lawrenceburg, Tennessee, aliwaajiri wanaume wanne wazunguke makanisani na kwenye mikutano wakiimba nyimbo za vitabu vyake, ili watu wakizipenda wanunue. Nyimbo hizo ziliandikwa kwa nota za maumbo. Do ilikuwa pembetatu, sol ilikuwa duara, la ilikuwa mstatili, na kila sauti ya ngazi ilikuwa na umbo lake. Mfumo wa maumbo saba ulitolewa na Jesse Aikin mwaka 1846, na mkulima wa pamba aliyehudhuria darasa la kuimba kwa wiki mbili tatu aliweza kushika kitabu na kuimba sehemu yake. Mwanakwaya wa Mbeya au Kisumu aliyefundishwa kwa solfa, yaani do, re, mi, atamwelewa mkulima huyo mara moja. Solfa yetu ilipitia njia nyingine, kwa John Curwen wa Uingereza na wamisionari, ila shabaha ilikuwa ileile: mtu wa kawaida aisome sauti yake mwenyewe. Ndiyo maana muziki huu umejengwa hivi, sauti nne, na kila moja ikiwa na jambo la kufanya.

Chagua tamasha moja, zima

Usianze na vipande vya wimbo mmoja mmoja. Tamasha lina mwendo wake. Huanza na nyimbo za kasi, hushuka, huja ushuhuda, huja kichekesho, hushuka tena hadi kwenye wimbo ule wa polepole wa mapigo matatu, kisha hupanda. Ukikata kipande cha katikati unakosa sababu ya kuwepo kwake.

Kwa mara ya kwanza ninapendekeza tamasha la kundi moja, si lile la waimbaji hamsini, kwa kuwa utahitaji kuzizoea sauti chache. Chaguo langu ni tamasha la kuagana la Cathedral Quartet, lililorekodiwa Ryman Auditorium mjini Nashville mwaka 1999. Ukumbi wenyewe una habari yake. Ulijengwa kama nyumba ya mahubiri, ukafunguliwa mwaka 1892, na hadi leo watu huketi kwenye mabenchi ya kanisa. Hapo ndipo Wally Fowler alipoanzisha mikesha yake ya kuimba mwaka 1948, kwarteti zikipokezana jukwaa usiku kucha.

Ukilikosa hilo, ingia kwenye chaneli rasmi ya Gaither, watayarishaji wa video za muziki huu, kule YouTube, au tafuta jina la kundi na uchague video ya wenye kazi wenyewe. Zile zilizonakiliwa kutoka kanda za zamani za runinga mara nyingi sauti yake imebanwa, na katika muziki huu sauti ikibanwa wa kwanza kupotea ni besi, mwenye sauti ya chini kabisa, na baritoni anayemfuata juu yake. Utabaki na tena, yule mwenye sauti ya juu kabisa, peke yake anapiga kelele.

Panga sauti kabla ya picha

Spika ya simu haifai kabisa. Besi wa kwarteti hushuka hadi do ya chini ambayo mitetemo yake ni kama 65 kwa sekunde, na kispika kidogo cha simu hakiwezi kuitoa noti hiyo. Utaona mdomo wa mzee unacheza na usisikie chochote cha maana. Vaa spika za masikioni, au unganisha simu na redio nzuri.

Kama nyumbani mna sabufa, nenda taratibu. Sabufa nyingi zimewekwa kwa ajili ya dansi, besi iko juu muda wote. Rudisha kitufe cha besi katikati au chini kidogo ya katikati, hadi usikie mtu badala ya mtikisiko. Kipimo changu ni maneno: ukiweza kusikia besi anatamka neno gani, umefika. Runinga zenye mtindo wa sauti ya sinema, uzime mtindo huo. Mtindo huo hutandaza sauti kila upande ilhali wewe unataka wanne hawa wasimame pamoja mbele yako.

Kuhusu bando, punguza ubora wa picha badala ya kuacha kutazama. Ubora wa kati unatosha, maana nyuso zina kazi kubwa humu na ukishusha mno huzioni. Afadhali zaidi ni kupakua usiku au mahali penye mtandao wa bure, ili wimbo usikatike katikati ya kiitikio.

Halafu kaa chini. Muziki huu ukiuweka uimbe wakati unapika utaupenda kidogo tu.

Sikiliza sauti moja moja

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo penye raha yote.

Katika kwaya zetu za sauti nne, wimbo wenyewe hubebwa na sauti ya kwanza, iliyo juu kabisa. Kwarteti ya Kusini haiko hivyo. Anayebeba wimbo ni wa pili kutoka juu, kiongozi, na yule tena huimba juu yake. Msikilizaji wetu kwa mazoea huenda juu, akamshika tena akidhani ndiye wimbo, kisha akashangaa mbona wimbo haukai. Kwa hiyo zoezi la kwanza ni kumpata kiongozi. Mara nyingi ndiye anayeimba ubeti peke yake mwanzoni. Katika Cathedrals ni Mzee Glen Payne, mtu mwembamba, amesimama wima, sauti iliyonyooka isiyo na mapambo. Mshike yeye wimbo mzima. Tena akipaa, usimfuate.

Wimbo ukiisha, urudishe mwanzo, umtafute besi. Huyu ni George Younce, mwanamume wa North Carolina, na kwangu hakuna besi aliyechangamka kama yeye. Besi wengine huwinda kina tu. Younce alitaka utabasamu, na hata noti ya chini kabisa aliitamka kama anakunong'oneza habari njema. Katika ubeti besi hukaa chini akishikilia msingi. Ngoja kiitikio. Kwenye nyimbo zilizotoka katika vile vitabu vya zamani, kiitikio kinapoingia besi hutoka mbio na maneno, na wale watatu wa juu wanamjibu nyuma yake, kila upande na mapigo yake, hadi wanakutana kwenye mstari wa mwisho. Aliyezoea kuimba kwa kupokezana atasisimka hapo. Lakini angalia jinsi walivyobana: besi hapati hata pumziko la kuvuta pumzi, inabidi aibe hewa katikati ya maneno. Jaribu kuimba sehemu yake mara moja tu utaona.

Mara ya tatu ni zamu ya tena. Ernie Haase ndiye aliyekuwa juu mwaka ule. Tena ni rahisi kumsikia, hivyo kazi yako ni kumsikia anapoimba kwa sauti ndogo. Tena mzuri kwenye ubeti hujificha, sauti yake inaweka mwanga kidogo juu ya kiongozi tu. Anajitokeza mwishoni, noti ya mwisho inaposhikiliwa na wengine wanahama chini yake. Asiyejizuia mapema hana cha kutoa mwishoni.

Baritoni nimemweka wa mwisho kwa sababu ndiye mgumu kuliko wote, na ukimpata umeuelewa muziki huu. Anakaa kati ya kiongozi na besi, hana wimbo, hana noti ya kushangaza, na mara nyingi anahama nusu hatua tu. Scott Fowler ndiye aliyekuwa na kazi hiyo. Njia ya kumpata ni hii: mwangalie mdomo wake huku ukiimba kimoyomoyo sehemu ya kiongozi. Utaanza kusikia noti ambayo si yako na si ya besi, iliyo karibu mno na yako hadi inakusugua kidogo, kisha inalainika. Ule ulaini ndio yeye. Kwaya nyingi huku kwetu huwaweka watu wasiojua waende wapi kwenye sauti za kati. Tazama video hizi uone kwa nini sauti za kati zinastahili masikio bora kuliko yote.

Ukishawatenga hivyo wanne, usikilize upya bila kumtafuta mtu. Sasa angalia irabu. Wote wanafungua kinywa kwa umbo moja kwenye a, wote wanafunga neno kwa wakati mmoja, na hapo ndipo sauti nne zinatoa kitu cha tano ambacho hakuna aliyekiimba. Wakipandisha ki, yaani ufunguo wa wimbo, nusu hatua, kama wafanyavyo karibu na mwisho, hisi ni nani aliyeivuta. Mara nyingi ni piano.

Piano si msindikizaji

Kwarteti ya zamani ilitembea na piano tu, na mpiga piano alifanya kazi ya bendi nzima. Mkono wa kushoto unaruka kati ya noti ya chini na akodi (noti kadhaa kwa pamoja), wa kulia unajaza kila upenyo waimbaji wanapovuta pumzi. Roger Bennett wa Cathedrals ni mfano mzuri, na pia alikuwa msemaji mcheshi jukwaani. Mwingine ni Anthony Burger, utakayemwona kwenye video nyingi za Gaither. Akiwa mtoto mchanga aliungua vibaya mikono, na madaktari hawakutegemea angeitumia vizuri. Alikuja kuwa mpiga piano mwenye vidole vyepesi kupita wote wa kizazi chake, na alifariki mwaka 2006 akiwa jukwaani anapiga. Ukiyajua hayo, kamera inaposogea kwenye mikono yake hutatazama kwa namna ileile.

Utakutana pia na matamasha ambapo piano iko moja tu jukwaani lakini unasikia fidla thelathini. Hizo zimerekodiwa mapema na makundi mengi hufanya hivyo. Sio udanganyifu, ila mimi huchagua wimbo wa piano pekee kila ninapoupata, kwa kuwa piano inaweza kuwasubiri waimbaji na mkanda hauwezi.

Jambo hilo la kusubiri linaonekana zaidi wimbo unapokwisha na watu wakasimama. Mpiga piano anaangalia ukumbi, anarudisha kiitikio, wanaimba tena, wanamaliza, anarudisha tena. Mgeni hudhani wamekosa cha kuimba. Hovie Lister, mchungaji wa Kibaptisti aliyeanzisha Statesmen Quartet kule Atlanta mwaka 1948, alikuwa bingwa wa hili: aliacha piano, akazunguka, akapandisha ukumbi, akairudia. Kwenye marudio, sikiliza kinachobadilika. Besi atashuka zaidi, tena atapanda zaidi, na mara ya mwisho huenda wakaimba bila chombo.

Wajue waliopo jukwaani

Hatua hii usiiruke, hasa ukifika kwenye video za Homecoming za Bill na Gloria Gaither. Zilianza mwaka 1991, Gaither alipowaalika studio Nashville wazee wa kwarteti ambao wengi walikuwa wameanza kusahauliwa, ili waimbe naye wimbo mmoja. Kazi ikaisha, wazee hawakuondoka. Wakakusanyika kwenye piano, wakaimba nyimbo za ujana wao, wakasimuliana, wakalia, na kamera zikaendelea. Kutoka hapo zikazaliwa video nyingi na ziara za miaka mingi.

Kwa hiyo ukiona kamera inamsogelea mtu asiyeimba, kuna sababu. James Blackwood, kwa mfano. Kundi la Blackwood Brothers lilianza Mississippi mwaka 1934. Mwezi Juni 1954 walikuwa wametoka kushinda shindano kubwa la runinga New York, na tarehe 30 ndege yao ndogo ikaanguka Clanton, Alabama, James akiwa chini anatazama. Ajali ilimuua R.W. Blackwood, mpwa wake na baritoni wao, pamoja na besi wao Bill Lyles. James alirudi kuimba, J.D. Sumner akaingia kwenye besi, nao wakahamia kusafiri kwa basi, desturi ambayo makundi mengine yaliifuata. Miaka karibu arobaini baadaye mzee huyo amekaa mstari wa mbele, wanaimba habari za kukutana ng'ambo. Uso wake ndio ubeti wa pili.

Au mwimbaji Mama Vestal Goodman na leso yake nyeupe. Anapoipunga anausukuma wimbo. Jake Hess, kiongozi wa Statesmen, ambaye Elvis Presley alimpenda tangu ujana na ambaye aliimba kwenye mazishi ya Elvis mwaka 1977, ameketi karibu naye katika video kadhaa. Vestal alifariki mwishoni mwa Desemba 2003 na Jake siku chache baadaye, Januari 2004. Tazama tarehe ya kurekodiwa kabla hujaanza, uone ni nani anaimba karibu na mwisho wake.

Hili linarudi kwenye tamasha la Ryman. Cathedrals walikuwa wanaaga kwa hiari, Younce akiwa na ugonjwa wa figo. Hakuna aliyejua kwamba Glen Payne, aliyeonekana mzima, angefariki kwa saratani tarehe 15 Oktoba mwaka huohuo. Mwezi Septemba, kwenye National Quartet Convention, kongamano kubwa la kila mwaka la kwarteti, aliimba kwa simu kutoka hospitalini, ukumbi mzima umenyamaza. Sasa rudi umtazame akiwa amesimama wima pale Ryman.

Maneno

Soma mashairi ya Kiingereza kabla, au washa maandishi chini ya picha. Picha zinazorudi ni chache: mto Yordani, nyumba ya ng'ambo, sala za mama, asubuhi ya kufufuliwa. Aliyekua na Tenzi za Rohoni anazijua zote. Kumbuka tu nyingi zilitungwa miaka ya njaa ya 1930, kwa wakulima waliokuwa wanapoteza mashamba, ndiyo maana mbingu inasimuliwa kama mahali pa kupumzika baada ya kazi ngumu. Vichekesho vya katikati vimejaa lafudhi ya Kusini. Punguza kasi ya video vikifika, na ukumbuke kuirudisha kabla ya wimbo.

Mkiwa wengi

Gawaneni sauti. Kila mtu amfuate mmoja wimbo mzima, kisha mbadilishane. Mkifika wimbo wa tano kuna atakayeanza kuimba besi kwa sauti, mwacheni. Wanawake waimbe sehemu ya kiongozi au ya tena kama ilivyo, inakaa vizuri.

Ukimaliza, nenda wapi

Kurudi nyuma, tafuta filamu za Statesmen za miaka ya 1950, nyeusi na nyeupe, zilizodhaminiwa na kampuni ya biskuti ya Nabisco. Ni fupi, na mdomo wa Jake Hess ni darasa la matamshi kwa mwanakwaya yeyote. Kwenda upana, chukua Homecoming ya Carnegie Hall au ile ya Johannesburg, na umsikilize Jessy Dixon wa Chicago akileta gospeli ya watu weusi katikati ya ukumbi wa kwarteti. Kwenda mbele, fuata njia za wale wa Ryman: Scott Fowler na Roger Bennett walianzisha Legacy Five, Ernie Haase akaanzisha Signature Sound. Anza na Legacy Five, kwa sababu utamtambua baritoni wako pasipo kuonyeshwa.